Moshi Ambao Haukuwa na Kosa

Kawangware,
Jumamosi, saa kumi jioni

Mwende,

Umetoka sasa hivi kwenda mtaa wa Ayany kuwaaga wenzako, na mama yako amelipanga sanduku lako mara ya tatu. Mambo ya sweta, ya dawa ya malaria na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua kwenye basi ameyamaliza yeye, na wewe umeitikia kila neno kwa ile sauti yako ya kumridhisha mtu ili anyamaze. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimejifungia chumba cha ndani, kile chetu cha giza cha kusafishia filamu, nimewasha taa ya kawaida, na ninakuandikia juu ya meza hii iliyojaa madoa ya dawa kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso tangu Jumatatu. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza uliniuliza kama nimekunywa chai, nikasema bado, na mazungumzo yakaishia hapo. Mara ya pili sikufika hata kwenye chai.

Jumatatu, unakumbuka, alikuja yule kijana wa rasta anayetuletea filamu kila mwisho wa mwezi, yule anayeniita mzee wa giza. Alichukua picha zake akauliza azitundike wapi nyumbani kwake. Nikiwa bado natafuta miwani, wewe ukamjibu.

"Popote, lakini si karibu na jiko. Moshi hula picha. Kuna mama yetu mmoja Silanga alipoteza ya mzee wake hivyo."

Kijana akatikisa kichwa, akasema hiyo ni noma, akaenda zake. Wewe ukarudi kwenye kazi yako. Mimi nilibaki nimeshika miwani mkononi na nikaendelea kuitafuta.

Mwanangu, moshi haukuiharibu picha ya Mama Nduku huyo wa Silanga. Niliiharibu mimi. Nilijua tangu siku ile ile, na nikalisingizia jiko lake. Sasa wiki ijayo utakuwa kazini Kisumu, umekaa mbele ya maboksi ya negativu za studio zilizofungwa zamani, na watu wenye picha zilizogeuka rangi watakuja kukuuliza ni nini kilizipata. Utawajibu kwa uongo wangu ukidhani ni ujuzi. Hilo silikubali. Afadhali uondoke ukiwa umenikasirikia.

Nianze mwanzo, maana ulikuwa mdogo na mengine huyajui.

Tulipokuwa tukiishi Silanga, kabla ya kuhamia huku, tulikuwa na chumba kimoja cha mabati, na nilikuwa nimeamua kwamba chumba hicho kitakuwa nyumba na studio kwa pamoja. Mama yako alicheka, kisha akaona sicheki naye. Shida ya kwanza ilikuwa misumari. Mabati yetu yalikuwa yamewahi kuezeka nyumba nyingine kabla yetu, kwa hiyo yalikuwa na matundu ya misumari kila mahali, na mchana ukifunga mlango unaona vijimwanga vimejaa ukutani. Nikayaziba yote kwa sabuni ya mche. Nilijiona mjanja sana. Mvua ya kwanza iliponyesha sabuni ikayeyuka, povu likateremka ukutani hadi kwenye kitanda, na filamu mbili za harusi ya watu zikapata mwanga zikawa nyeusi tii. Nilienda kwa bwana harusi siku hiyo hiyo, nikamwambia ukweli, nikawapiga picha upya na suti ya kuazima. Alinifokea, halafu yakaisha. Ninakutajia hili ili ujue kwamba kusema ukweli nilikuwa ninaweza. Sina kisingizio cha kutojua jinsi kunavyofanywa.

Baada ya hapo nilianza kutumia koti. Lile koti zito la baridi unalolijua: unafunga zipu, unaliweka kifudifudi juu ya kitanda, unaingiza kamera na tangi dogo la kusafishia filamu ndani, kisha mikono yako kupitia mikononi mwa koti kinyumenyume, na unaizungusha filamu kwenye kigurudumu kwa vidole tu. Wageni walionikuta hivyo walidhani namsaidia mtu kujifungua. Ukishafunga kifuniko cha tangi unaweza kutoka nje kwenye jua, ukamimina dawa na kuhesabu dakika mbele ya majirani wa ploti nzima. Baadaye wewe ndiye uliyekuwa saa yangu. Ulihesabu kwa sauti ukizunguka mlango, na ukifika sitini ulinipiga begani.

Filamu niliyotumia ilikuwa ile ya polepole, inayokawia kushika mwanga, kwa sababu ndiyo niliyoipata kwa wingi. Watu wa harusi na siasa walitaka ya haraka. Ya polepole ilikuwa imekaa tu dukani mjini. Nami niliipenda. Ukiipa jua la kutosha na mtu aliyetulia, inakuonyesha kila ukosi, kila uzi wa kofia. Lakini mtu asipotulia inamwacha ametapakaa. Kwa hiyo niliwaamuru watu wasimame kama wanasubiri kusomewa hukumu. Wasitabasamu, wasipumue sana, mpaka niseme tumemaliza. Ndiyo maana nusu ya Silanga ya wakati ule, ukiziangalia picha zangu, utadhani walikuwa watu wa hasira. Hawakuwa. Walikuwa wananitii.

Mama Nduku na mume wake, Kioko, waliniita niwapige picha wewe ukiwa na miaka miwili. Kioko alikuwa fundi wa viatu, mtu wa Kitui kama mimi, mwembamba na mcheshi. Walisimama mbele ya mlango wao, upande ule unaotazama bwawa, yeye na koti la kanisani na mama na kitambaa kipya kichwani. Niliwapiga nne. Kioko alitii amri zangu, akakaza uso. Nilipiga ya nne nikasema tumemaliza, nikaona imebaki nafasi moja kwenye filamu. Nilikuwa na hamu ya kwenda kuisafisha, basi nikabonyeza tu ili iishe, wakati Kioko ameshamgeukia mkewe akimwambia sijui nini na wote wawili wanacheka. Picha hiyo ya mwisho ilitikisika. Mimi sikuchapa picha zilizotikisika. Nilikuwa na jina la kulinda, fikiria.

Wiki hiyo hakukuwa na maji. Mabomba yalikauka siku nyingi, na waliouza maji waliyaleta kwa mikokoteni kutoka mbali, ukipata mtungi mmoja unaringa nao. Nami nilikuwa na filamu tano na watu wanaozisubiri. Unajua kazi inavyokwenda. Dawa ya kwanza huitoa picha, ya pili huikaza isifutike, kisha lazima uisuuze filamu kwa maji mengi mpaka ile dawa ya pili itoke yote. Ikibaki humo inaendelea kuila picha kimya kimya. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimefundishwa hivyo na nilikuwa nikiwaambia wengine hivyo. Lakini nilisuuza filamu zote tano, zikiwa bado zimejikunja kwenye vigurudumu vyake, kwenye karai moja la maji, maji yale yale, na nikayatumia tena kusuuzia picha nilizozichapa. Zilipokauka zilikuwa safi. Nyeusi nyeusi, nyeupe nyeupe. Nikazitazama nikasema moyoni, kumbe hawa watu wa vitabu wanapenda tu kumwaga maji.

Filamu haikulipizi kisasi siku hiyo hiyo, Mwende. Ingelipiza siku hiyo, watu wavivu tusingekuwapo kwenye kazi hii.

Kioko aliugua mwaka uliofuata, akafa kabla ya Krismasi. Kitambulisho chake kilirudishwa serikalini kama inavyotakiwa. Mama Nduku akabaki na ile picha, moja ya zile nne, ndani ya fremu ya mbao aliyoitengeneza marehemu mwenyewe. Ndiyo iliyosomewa misa, ndiyo iliyokaa juu ya jeneza kwenda Kitui, na iliporudi aliitundika ukutani juu ya meza yake. Alikuwa ameshaanza kuuza makaa. Wewe ulikuwa ukila chakula cha mchana kwake siku ambazo mama yako alikuwa Kawangware akifulia watu nguo, kwa hiyo ukutani hapo unapajua kuliko mimi.

Ulipofika miaka minane, asubuhi moja, Mama Nduku alileta ile picha nyumbani akamwachia mama yako. Mimi sikuwapo. Niliporudi niliitoa kwenye fremu nikaitazama mlangoni. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Uso wa Kioko ulikuwa umefifia kuanzia shavuni, na jicho moja halikuonekana tena. Alikuwa anaomba nimchapie nyingine kutoka kwa negativu, basi, hakuwa na neno baya. Nikaitafuta negativu kwenye mkebe wa biskuti. Nazo zilikuwa na madoa ya njano, zote nne. Nikajua hapo hapo. Nililiona lile karai kama liko mbele yangu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Sikwenda kwake. Ulikuwa mlangoni ukicheza bano, zile gololi zako, nikakuita, nikakupa fremu ile imefungwa kwenye gazeti, nikakwambia, "Mpelekee Mama Nduku. Mwambie haiwezekani tena. Mwambie ni moshi wa jiko na vumbi la makaa."

Ukaenda mbio. Ukarudi mbio. Nikakuuliza amesema nini.

"Amesema nikwambie pole. Hakujua."

Aliniomba mimi msamaha, kupitia kwako, kwa kuwa alikuwa amepika ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikadhani litapita. Halikupita, lilikua. Kesho yake Mama Nduku alilitoa jiko nje. Alikaa akipikia nje chini ya bati alilolishikiza kwa mawe, mvua na jua, na watu walipomuuliza aliwaeleza sababu. Wakaanza kuziondoa picha zao karibu na majiko. Wengine walikuja kunishukuru kwa ushauri. Niliwaitikia, Mwende. Nilisema karibuni. Hata tulipohamia huku Kawangware, nilikuwa nikienda Silanga ninampita kwa njia ya nyuma ili nisimwone ameinama chini ya lile bati. Na wewe uliukuza uongo huo ukidhani umejifunza kitu kwa baba yako. Uliusema shuleni, ukausema kwa wateja, na Jumatatu ukausema mbele yangu kwa ujasiri kabisa, na ukasema vizuri.

Nimejiuliza sana kwa nini kwa bwana harusi niliweza na kwake sikuweza. Jibu si zuri. Filamu za harusi ziliharibiwa na mvua, na mvua haina aibu. Hii iliharibiwa na uvivu wangu, na mtu wa kwenye picha alikuwa amekufa, sikuweza kumrudia na suti ya kuazima. Hasara ilikuwa kubwa kuliko ukweli niliokuwa nao mfukoni siku hiyo. Ndivyo ilivyo: ninaona haya kuliandika, lakini ninaliandika.

Jumanne uliponiona nikipekua mikebe ya zamani ukaniuliza natafuta nini, nilikwambia natafuta kifuniko. Nilikuwa natafuta kipande cha mwisho cha filamu ile. Sikuwa nimewahi kukitazama tena, kwa kuwa kilikuwa na ile picha iliyotikisika na wala sikukihesabu. Nimekikuta ndani ya bahasha yake, Mwende, na hakina doa. Nimekaa nikafikiri, nikaelewa. Picha ya mwisho hukaa upande wa nje kabisa wa kigurudumu. Hata nilivyosuuza kwa uchoyo, huko nje ndiko maji yalikofika. Zile nzuri zilizojikunja ndani hazikupata kitu.

Alhamisi ulipokwenda kukata tikiti niliichapa. Ulirudi ukauliza maji ya mitungi yote yameenda wapi, na mama yako akasema nimerukwa na akili. Niliisuuza saa nzima. Nilimwaga, nikajaza, nikamwaga. Sijawahi kumwaga maji kwa raha hivyo. Kioko ametikisika, mkono wake umekuwa kama miwili na kichwa kimepita kidogo, lakini anacheka, na meno yake yale yaliyoachana yanaonekana. Mama Nduku amefumba macho kwa kicheko. Kuna ndoo mlangoni mwao niliyokuwa nimeisahau. Nimejua sasa kwamba ile niliyoiona haifai ndiyo pekee iliyokuwa picha yao. Zile nyingine nne zilikuwa picha za amri zangu.

Leo asubuhi, nilipowaambia naenda kwa kinyozi, nilikwenda Silanga. Mama yako aliona nimerudi na nywele zangu zote lakini akaninyamazia. Nilimkuta Mama Nduku anapima makaa kwa kopo lake la gorogoro. Mikono yake imekomaa kuliko nilivyoikumbuka. Jiko lake lilikuwa nje, chini ya bati. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote, na nilipofika yakapotea, kwa hiyo nikamwambia bila mpangilio: maji yalikuwa machache, nilisuuza vibaya, nilijua, nilikudanganya, moshi haukuwa na kosa.

Hakuniuliza mara mbili. Alimaliza kupima, akamhudumia yule mteja, akafuta mikono. Akalitazama jiko lake.

"Picha huharibika, Baba Mwende," alisema. "Hata mume wangu aliharibika nikimtazama. Lakini ulituma mtoto."

Nikamtolea ile picha mpya. Aliitazama bila kuigusa, mikono ikiwa nyuma, kwa sababu ya makaa au kwa sababu yangu, sijui. Kisha akauliza, "Mwende anajua?"

Nikasema hujui.

"Basi mimi sitaipokea kwako. Yeye ndiye aliniletea uongo, maskini, hajui. Yeye ndiye ataniletea hii. Na umwambie wewe kabla hajapanda basi. Usipomwambia, nitakuja mpaka steji nimwambie mimi, mbele ya watu."

Na atakuja, unamjua.

Kwa hiyo barua hii si hiari yangu yote. Nakuambia hilo pia ili usije ukanisifu. Lakini sasa nimeianza nataka kuimaliza kwa kauli yangu mwenyewe. Uongo ule niliutia mdomoni mwako ukiwa na miaka minane, kwa kuwa nilijua hakuna mtu anayemshuku mtoto. Katika yote niliyoyakosea kwenye kazi hii, filamu nilizozifungua mapema kwa kutaka kuona, dawa niliyoichanganya kwa macho bila kupima, hilo ndilo ninalokuomba unisamehe. Si lazima unisamehe kesho. Kisumu ni mbali kiasi, una nafasi ya kufikiri.

Huko uendako utaharibu. Nisikudanganye tena. Utaharibu kitu cha mtu ambaye hana kingine, mikono yako ikiwa na nia njema au ikiwa imechoka. Siku hiyo vaa viatu uende kwake mwenyewe. Usiandike ujumbe kwa simu, usimtume mwenzako. Nenda siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kupata maelezo mazuri, maana ukilala nayo usiku mmoja utaamka nayo. Mimi nililala nayo miaka kumi na sita. Na maji yakiwa machache, acha filamu isubiri. Filamu iliyopigwa haina njaa, inaweza kukaa. Mwenye haraka ni wewe.

Na kwenye kichwa chako futa ile habari ya jiko. Yule kijana wa rasta nitamwambia mimi mwenyewe akija mwisho wa mwezi. Nikimaliza naye nitawaendea wale wa ploti ya zamani mmoja mmoja, wale waliobaki. Ninawajua wote kwa sura, hata kama niliwapiga picha wakiwa wamekasirika.

Bahasha hii ina vitu viwili, barua na picha. Umeisoma barua, sasa itoe picha uitazame. Ishike pembeni, unajua.

Basi lako ni la saa nne asubuhi. Kesho tutaondoka hapa saa kumi na mbili na nusu tupitie Silanga kwanza. Mama yako nitakuwa nimemwambia leo, kabla hujarudi kutoka Ayany, kwa hiyo usiogope ukimkuta hanisemeshi. Mimi nitabeba sanduku. Wewe beba picha, uingie mbele, mimi nitasimama mlangoni mpaka niitwe, na nisipoitwa nitasimama hapo hapo.

Nilipokuwa naondoka leo Mama Nduku aliniita nikiwa nimeshafika kwenye mfereji. Alikuwa ameshalishika jiko kwa masikio yote mawili. Alisema nikwambie uje na njaa, chai ya kesho ataipika ndani.

Baba yako